Jinzi ya mtumba na hesabu ambayo wakubwa hawaifanyi

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tumekaa nyumbani Makorora, hapa Tanga, baada ya kula, mama mkubwa akaniangalia kuanzia kiunoni mpaka chini akasema, mwanangu, mshahara wako wote unaishia kwenye majinzi, tena yaliyokwishavaliwa na watu. Nikamwambia hapana mama mkubwa, hii pamoja na fundi haijafika elfu kumi na nne. Akanyamaza. Hapo hapo kaka akadakia na lake, kwamba sisi wapenda mtumba ndio tunaoua viwanda vya nchi hii. Yaani mashtaka mawili kwa suruali moja, na nimekaa nayo kichwani siku zote hizi maana wote wawili wana kitu wanachosema, ila kuna upande naona haujawahi kusikilizwa vizuri.

Sasa hivi kila msichana anataka bwanga, jinzi pana kuanzia pajani mpaka unyayoni, na wavulana wanataka bagi, zile za kupwaya. Modo, zile za kubana zilizotawala miaka kumi na kitu, zimelala masandukuni. Na hapa pwani mabadiliko haya yamekuja na neema yake, maana modo mama zetu hawakuipenda hata siku moja, ukiivaa lazima juu yake uvute dera au buibui ndo utoke nje, lakini bwanga na tisheti ndefu na mtandio kichwani unakatiza Ngamiani mchana kweupe na hakuna mzee anayeguna. Mama yangu mwenyewe alisema hii angalau inasitiri. Na wakubwa wanaodhani kupimana suruali kumeanza na sisi wakumbuke kwamba mwaka 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Suruali ya kubana! Leo mtu anasemwa kwa kuvaa pana.

Kitu ambacho watu hawakioni ni kwamba fasheni ya jinzi inazunguka, na mtumba siku zote unatembea nyuma ya duka. Jinzi pana zilivaliwa sana kule Marekani na Ulaya miaka ya 1990, halafu zikaachwa, sasa fasheni iliporudi nyuma ilimkuta mtumba palepale alipokaa. Kwa hiyo ile jinzi ambayo dukani imeshonwa mwaka huu ifanane na ya zamani, kwenye meza ya mtumba unaweza kuikuta ya zamani yenyewe, pamba tupu, nzito, rangi imepauka kwa kufuliwa kweli na sio kwa dawa. Muuzaji hajui hata kama ni dili, anakutajia elfu kumi, mnamalizana elfu tisa.

Halafu unaenda kwa fundi, na hapa ndo naomba mama mkubwa anisikilize. Fundi wangu ni mzee mmoja ana cherehani ya miguu kwenye kibaraza, ukimpa jinzi hakuulizi unataka nini kwanza, anaigeuza ndani nje, anaingiza mkono mguuni anainyanyua juu juani aone kama gotini nyuzi zimekonda, halafu anavuta pale mapaja yanapokutana maana jinzi huwa inafia hapo. Akiridhika ndo anaongea. Yeye ndo alinifundisha kwamba jinzi inunuliwe kubwa, kupunguza kunawezekana kuongeza ni shida, na kwamba mguu upunguzwe kwa mshono wa nje, ule wa ndani umekunjwa na kushonwa mara mbili ukiufumua haurudi ulivyokuwa. Kiuno anakifungua nyuma katikati, anatoa lupu ya mkanda, anakata, anairudisha lupu juu ya mshono huwezi kujua. Na pindo la chini hakati akalitupa, analikata pembeni, anafupisha mguu, halafu analishona tena lilelile ili ule mchakao wa ukingoni ubaki. Elfu tatu. Mimi naiona hii kama kazi ya heshima kabisa, na hata jinzi yenyewe ilianzia kwa fundi, Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno kule Marekani aliyeanza kuzikazia suruali za vibarua mifuko kwa ribiti, vile vifungo vidogo vya shaba vya kugongelea, isichanike, akashirikiana na muuza vitambaa Levi Strauss wakapata hataza tarehe 20 Mei 1873. Ilikuwa nguo ya kazi, ya mtu asiyetaka kununua suruali mara mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu maana ndo imenitoa usingizi. Jinzi yangu niliinunua elfu tisa, fundi elfu tatu, baadaye zipu 1,500, jumla 13,500. Naivaa mara mbili kwa wiki na ina miaka mitatu, yaani mara 312 hivi. Ukigawa ni kama shilingi 43 kila nikiivaa. Mwaka juzi nilinunua mpya dukani, 35,000, zile zenye mpira ndani ya kitambaa, nzuri kwelikweli siku ya kwanza, imekukaa kama umeshonewa. Baada ya miezi mitano magoti yakaanza kutuna hata nikiwa nimesimama, baada ya miezi kumi mpira ukakatika ukawa unatokeza vinywele vyeupe mapajani. Miezi kumi kwa mara mbili kwa wiki ni kama mara 86, kila kuvaa shilingi 407. Ni karibu mara kumi! Na iliyoonekana ya kifahari ni ipi, ni hiyo ya 407.

Ila lazima niseme ukweli wote, kuna tundu kwenye hesabu yangu na mama mkubwa amelinusa. Mtumba unavutia kwa sababu ni rahisi, unapita unaona elfu nane unasema si elfu nane tu. Mwaka jana nilinunua nne ambazo sikuzivaa, moja haikupita kwenye nyonga, nyingine zilikuwa zinasubiri fundi mpaka hamu ikaisha. Hizo ni 32,000. Nikizijumlisha kwenye ile ya 13,500 inakuwa 45,500, na ukigawa kwa zilezile mara 312 unapata kama shilingi 146. Bado iko chini ya 407 lakini sio 43 tena, na hii ndo hela inayoishia kwenye majinzi anayoizungumzia mama mkubwa. Hapo yuko sahihi na nimemwambia.

Na duka lina haki zake. Mtu mwenye nyonga kubwa na kiuno chembamba anaweza kuzunguka mtumba siku nzima asipate, dukani anaulizia namba yake anapewa tatu ajaribu. Mtu wa zamu ya bandarini hana asubuhi nzima ya kuchambua, na mtumba unataka asubuhi, unataka uwepo belo, lile furushi la nguo, linapofunguliwa. Muuzaji mwenyewe analinunua belo likiwa limefungwa hajui kilichomo, akikuta nusu ni matambara hasara inabidi airudishie kwenye zile nzuri chache, ndo maana bei zinapanda. Na lazima uloweke maji ya moto ufue kabla hujavaa, hilo halina mjadala.

La kaka ni zito zaidi. Pamba tunalima, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa ghafi halafu sisi tunanunua suruali iliyochoka. Inauma. Viongozi wa Afrika Mashariki waliliona, mwaka 2016 wakakubaliana kuuondoa mtumba ifikapo 2019, ushuru ukapandishwa, kwetu ukatoka senti 20 za dola kwa kilo ukawa senti 40, Rwanda wakapeleka mpaka dola 2.50. Marekani wakatishia kuondoa nafuu ya AGOA, mpango wao wa kuingiza kwao bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye nafuu hiyo. Lakini namuuliza kaka, mtumba ungezuiliwa kesho Tanga nzima, mimi ningevaa jinzi ya wapi? Madukani ninakopita jinzi mpya karibu zote ninazogeuza lebo zimetoka China, ya Tanzania sijawahi kuishika. Aliyekuwa ananunua mtumba angehamia kwenye ile ya shilingi 407, na fundi wa kibarazani angekosa kazi, maana ile ya mpira ikifa haishoneki, sindano ikipita kitambaa kinaachia. Kiwanda kikija kikafuma jinzi nzito ya pamba ya Simiyu nitanunua hata kwa 40,000, maana najua kuigawa hiyo 40,000 kwa miaka. Kuzuia kwanza halafu ndo tufikirie kiwanda, hapo ndo nashindwa kumfuata.

Zile nne nimeshazitoa. Mbili nimempa binamu Pongwe, moja imekatwa sketi ya mdogo wangu. Ya nne mama mkubwa aliigeuza ndani nje, akaivuta magotini, akauliza fundi anachukua shilingi ngapi kutoa mfuko wa kubebea sokoni. Iko kibarazani, ataifuata Jumamosi.