Nilipanga Foleni Kwenda Kutazama Foleni

Jamani, mimi sinema naipenda inidanganye. Ukitaka kunitoa nyumbani jioni nipeleke mahali ambapo stelingi anamiminiwa risasi kumi na mbili, kisha anainuka, anajipangusa vumbi kwenye koti, anauliza adui wengine wako wapi. Maisha ya kweli ninayo ya kutosha, tena mengine nayadaiwa.

Sasa mke wangu akaniletea kijitabu cha ratiba. "Baba Zuhura, kuna tamasha la filamu za dokumentari, zile za watu na maisha ya kweli. Wiki nzima. Maonyesho ya hadhara ni bure." Hilo neno la mwisho ndilo lililonimaliza. Mimi kitu cha bure huwa sikikagui.

Hicho kijitabu kina lugha yake, na mimi nimeijua baada ya kuumia. Wakikuandikia filamu ni "ya tafakuri", chukua mto. "Ya kishairi" maana yake hakuna atakayefungua mdomo. "Yenye subira" maana yake mwongozaji aliondoka akasahau kuzima kamera. Na wakiandika "inaibua maswali", basi majibu usiyatarajie, hata ukibaki mpaka wafagiaji waje.

Tukafika. Foleni mbili. Ya kwanza ya wenye beji, watu wenye mifuko ya kitambaa begani na nyuso za kujua jambo. Ya pili yetu sisi wa bure. Ukiwa huna beji pale unajisikia kama umekwenda kumtazama mgonjwa saa za kutazama wagonjwa zimeshapita. Wenye beji wakaingia wote kwanza, ndipo sisi tukahesabiwa kama mbuzi mpaka viti vikaisha. Dakika 45 nimesimama. Hatimaye nikapata kiti nyuma ya bwana mwenye kichwa kipana, taa zikazimwa, filamu ikaanza.

Ilikuwa ya mtu aliyesimama kwenye foleni.

Sitanii. Bwana mmoja ana faili kwapani, anatafuta muhuri ofisini. Kamera imemkazia kisogo. Nilipima kwa saa yangu: dakika 11 hajaongea, hajakohoa, hajasogea zaidi ya hatua mbili. Kila akikaribia dirisha, dirisha linafungwa. Ukumbi ukacheka kile kicheko cha puani cha watu waliosoma. Mimi sikucheka. Mwezi uliotangulia mtu huyo nilikuwa mimi, faili kwapani vilevile, dirisha likanifungia usoni vilevile, na hakuna aliyenipigia kinanda cha huzuni.

Nikalala. Siwezi kuficha. Giza, kiti laini, kinanda; hata mlinzi wa benki angelala.

Nikazinduliwa na makofi. Nikainuka niondoke, mke wangu akanivuta shati: bado maswali na majibu. Mwongozaji akapanda jukwaani, kijana mwembamba, mpole, akasema amemfuata yule bwana miaka 7 na kupata saa 300 za picha. Miaka saba! Angesoma udaktari akamaliza, akarudi akamtibu miguu yule bwana kwa kusimama. Mtu wa kwanza kupewa maikrofoni akaanza na "sina swali, nina maoni kidogo", akaenda, akaenda, akazunguka mabara matatu na utoto wake, mpaka mshika maikrofoni akabadilisha mkono.

Nami nikanyoosha kidole. Nikauliza lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: muhuri aliupata?

Kimya. Mwongozaji akatabasamu. "Swali zuri sana," akasema. "Filamu inaliacha wazi." Nikapigiwa makofi, bwana mwenye kichwa kipana akageuka kunipa mkono, na mpaka leo sijui kuhusu muhuri.

Mlangoni tukagawiwa kikaratasi chenye tarakimu 1 hadi 5. Unachana kwenye alama unayoitoa, unatumbukiza sandukuni, ndiyo kura ya watazamaji. Nikachana 1 kwa hasira ya dakika zile 11, karatasi ikaenda yote mpaka 4. Sijui walihesabu nini.

Nje, kijana mmoja mwenye beji akaniona nimenuna, akaamua kunielimisha. "Mzee, jambo hili limeanza mbali. Mwaka 1895 akina Lumière, ndugu wawili Wafaransa walioanzisha sinema, walipiga picha wafanyakazi wakitoka kiwandani kwao Lyon. Haifiki dakika moja." Nikamwambia hao ndio watu wenye huruma. "Na mwaka 2003," akaendelea, macho yanamwaka, "mwongozaji Wang Bing wa China akatoa filamu ya viwanda vya Shenyang vinavyofungwa. Zaidi ya saa 9." Kijana, nikamwambia, hiyo si filamu, hiyo ni zamu. Wafanyakazi wa Ufaransa wametoka kiwandani chini ya dakika moja, hawa wa China wanatoka kwa saa tisa, na wewe unaniambia sanaa imepiga hatua?

Akacheka, akanichukulia simanzi yangu kama mchango. Akanipangia viti kesho yake kwenye onyesho la uwanjani.

Uwanjani kuna kero yake ya pekee: lazima jua lizame, na jua halina ratiba ya tamasha. Skrini yenyewe ni ya kujazwa upepo kama boya, na upepo ukivuma inajikunja tumboni. Ilikuwa filamu ya bibi mmoja mvuvi, mkavu kama ufito. Upepo ukija bibi ananenepa, ukitulia anakonda. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yalifichwa na vichwa vya waliokaa mbele, kwa hiyo bibi aliongea dakika 80 nikamwelewa kwa mikono. Hiyo, nikiri, ilinishika. Alipovuta wavu ukatoka mtupu akaukunja upya polepole, nilisahau kumuua mbu shingoni. Mke wangu nimemwambia ilikuwa ya kawaida tu.

Mwaka uliofuata tukarudi. Msiniulize kwa nini. Safari hii nikakaa mbele, macho kodo, nimeapa sitalala. Filamu ya ufunguzi: watazamaji wa tamasha. Kumbe mwaka ule mlangoni palikuwa na tangazo kwamba ukiingia umekubali kupigwa picha, na nani anasoma tangazo akiwa nyuma ya foleni dakika 45?

Ikafika sehemu yangu. Uso wangu ukubwa wa ukuta, mdomo wazi, kidevu kinashuka kwa awamu. Sauti imechukuliwa vizuri mno. Spika za pande zote zinakoroma kwa ajili yangu. Ukumbi ukacheka, tena si kile cha puani, watu walishika mbavu.

Kwenye maswali, mama mmoja akauliza kama yule bwana aliyelala ni mwigizaji. Yule kijana wangu wa beji, kakaa pembeni, akaninong'oneza nisione haya: hata mwongozaji Flaherty wa Marekani, kwenye dokumentari yake ya mwaka 1922 juu ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, alijengesha nusu ya nyumba ya theluji ili mwanga uingie, na jina la Nanook shujaa wake alipachikwa tu, lake lilikuwa Allakariallak. Mwongozaji jukwaani akaapa hawakumwelekeza mtu chochote.

Nikawa nashuka chini ya kiti taratibu. Nikasikia maikrofoni inapita juu ya kichwa changu, kisha sauti ninayoijua miaka 22.

"Sina swali, nina maoni. Mimi ni mkewe. Mmeifupisha mno."