Mzee asiye na uwezo ni nani? Vigezo vya msamaha na ruzuku katika Nyanda za Juu Kusini

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hata hivyo, msamaha wa gharama za matibabu katika vituo vya umma haukukusudiwa kumfikia kila aliyetimiza umri huo, bali mzee "asiye na uwezo". Maneno hayo matatu ndiyo yanayobeba mzigo wote. Umri ni jambo la kuthibitishwa kwa kitambulisho. Kukosa uwezo ni jambo la kuamuliwa, na mara nyingi uamuzi huo huanzia kwa mtendaji wa kijiji, mtu anayeishi jirani na wanaoamuliwa.

Wanaotetea kigezo cha uwezo wana hoja nzito, na si haki kuwadhania ubahili. Fedha ya umma ni kidogo. Mstaafu wa serikali anayepokea pensheni kila mwezi, au mzee wa Mufindi anayeuza majani ya chai kwa wingi, hawezi kulinganishwa na bibi wa Makete anayelea wajukuu wanne kwa kibarua cha kupalilia viazi. Ukiwapa wote sawa, kinachomfikia bibi huyo hupungua. Zanzibar ilichagua njia nyingine: tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii bila kuulizwa ana nini, na ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Lakini kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu wasiofika milioni 2, ilhali Tanzania Bara ilikaribia milioni 60. Anayesema tuige moja kwa moja anapaswa aseme pia fedha itatoka wapi.

Tatizo langu na kigezo cha uwezo ni kwamba, kinapopanda milima kuja huku, hupoteza macho. Chukua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, wa kutoa ruzuku ya fedha, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Kaya hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kisha hujaziwa dodoso kuhusu makazi, mali na wategemezi, na baada ya hapo orodha hurudishwa mkutanoni ikathibitishwe. Utaratibu huo umefikiriwa vizuri. Lakini katika vijiji vingi vya Njombe na Iringa nyumba ya tofali za kuchoma si dalili ya utajiri, kwa kuwa udongo upo, kuni zipo na tofali huchomwa kwa nguvu za ukoo. Mzee anaweza kuwa na nyumba ya bati aliyojengewa miaka 20 iliyopita na mwanawe ambaye sasa hayupo duniani, na ndani asiwe na chumvi. Anaweza pia kuwa na ekari tatu za mipaina. Kwenye karatasi huyo ana mali, ingawa miti hiyo itavunwa baada ya miaka mingi ambayo pengine yeye hataiona, na akilazimika kuiuza ikiwa michanga ili apate nauli ya hospitali, mnunuzi ndiye atakayepanga bei.

Kuna pia dhana kwamba mwenye watoto anao wa kumtunza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 kuhusu maambukizi ya VVU kwa watu wazima uliiweka Njombe kileleni kwa asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa kwa asilimia 11.1 na Mbeya kwa asilimia 9.6. Mikoa mitatu inayoongoza nchini ni ya kwetu. Hapa kuna kaya ambazo kizazi cha kati kimetoweka, na mzee ambaye kanuni inamwona kuwa mtegemezi ndiye anayetegemewa.

Mkutano wa kijiji wenyewe una pande mbili. Majirani wanajua nani analala njaa kuliko dodoso lolote, na ni vigumu kuwadanganya. Lakini haohao wana chuki zao na koo zao. Bibi anayenong'onezwa uchawi hatatajwa na mtu yeyote mkutanoni, na mzee aliyewahi kuheshimika huona afadhali akose kuliko kusimama mbele ya vijana aitwe maskini.

Kwa watu wenye ulemavu swali hubadilika kidogo. Sheria ya mwaka 2010 inawapa haki, na halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo yao. Mkopo, hata hivyo, humfaa anayeweza kufanya biashara. Asiyeweza kuinuka kitandani hahitaji mtaji, anahitaji mtu wa kumgeuza. Anayepima ulemavu kwa kutazama kiungo kilichokosekana humwona aliyekatwa mguu na kumruka mwenye kifafa au mzee aliyesahau hata njia ya kurudi kwake. Maswali ya sensa ya mwaka 2012 yalikuwa na busara zaidi, kwa kuwa yaliuliza mtu anapata ugumu gani kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kujihudumia. Maswali ya namna hiyo afisa ustawi wa jamii anaweza kuyauliza nyumbani kwa mhusika bila kumtuma mjini kutafuta cheti.

Kwa hiyo ningeutumia umri peke yake kwa waliovuka miaka 70, ambao kuwachuja hula muda wa maofisa na hukosea watu wengi, na kuubakiza uchunguzi wa uwezo kwa walio kati ya 60 na 69, ambao wengi wao bado wanalima. Pensheni ya mtumishi ihesabiwe kwa sababu inaonekana kwenye vitabu. Bati na mipaina visihesabiwe. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, na wapo wengi, akadiriwe umri kwa matukio anayoyakumbuka, na shaka imwangukie serikali badala ya kumwangukia yeye. Tena fomu iwe na nafasi moja ambayo kwa sasa siioni: jina na umri wa anayemhudumia mzee au mwenye ulemavu. Mara nyingi ni mjukuu wa kike aliyepaswa kuwa darasani, na hakuna kigezo chochote kinachomtambua.