Mchicha lishe mweusi hauna protini maradufu

Katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi, nilisimama mbele ya meza iliyopangwa vikopo vitatu vya mbegu za mchicha lishe, yaani mchicha unaolimwa kwa ajili ya mbegu zake: nyeupe, za rangi ya dhahabu na nyeusi. Bei ilipanda kadiri rangi ilivyokolea. Muuzaji alinieleza, kwa uhakika wa mtu aliyekuwa akijibu swali hilo tangu asubuhi, kwamba nyeusi ina protini mara mbili ya nyeupe. Nilinunua nyeusi. Nyumbani, mama yangu alizimimina kiganjani, akazitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huu ni mchicha wa mboga ulioachwa ukakomaa."

Alikuwa karibu kabisa na ukweli. Mchicha unaolimwa kwa ajili ya mbegu una spishi tatu kuu: Amaranthus cruentus na Amaranthus hypochondriacus, zenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, pamoja na Amaranthus caudatus wa milima ya Andes. Katika zote tatu, wakulima wa kale walichagua kwa vizazi vingi mbegu za rangi iliyofifia, kwa sababu ganda lake ni jembamba, zinapasuka vizuri kuwa bisi na ladha yake si kali. Mbegu nyeusi kwa kawaida ni ya mchicha wa mboga au wa porini. Inalika, na protini yake si haba, lakini ganda lake ni gumu zaidi, na lina nyuzinyuzi na tanini (kemikali zenye uchungu) nyingi kuliko la nyeupe. Uji niliopika ulikuwa na chengachenga na uchungu kidogo, na mwanangu aliusukuma kando baada ya vijiko viwili.

Tukizilinganisha spishi tatu zenyewe, tofauti ni ndogo kuliko maneno ya mezani. Mbegu kavu huwa na protini kati ya gramu 13 na 18 hivi katika kila gramu 100, lakini vipimo vya spishi moja hupishana na vya nyingine kiasi kwamba mchicha wa shamba lililotiwa samadi vizuri unaweza kuuzidi ule unaosifiwa kuwa bora, ikiwa huo wa pili umetoka kwenye udongo uliochoka. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo linazungumzia mbegu za mchicha bila kutenganisha spishi, linaonyesha protini gramu 13.6, mafuta gramu 7, kalsiamu miligramu 159 na madini ya chuma miligramu 7.6. Mahindi yana protini gramu 9.4, kalsiamu miligramu 7 na chuma miligramu 2.7. Hapo ndipo sifa ya mchicha lishe inapopata msingi wake, hasa kwa sababu protini yake ina lisini kwa wingi, asidi amino ambayo mahindi yanaikosa.

Hata hivyo, hakuna mtoto anayekula gramu 100 za mbegu kavu. Kikombe cha uji hutumia unga wa gramu 30 hivi, na tukiufanya mchicha kuwa robo ya unga huo, tunapata gramu 7.5, yaani protini gramu moja na chuma kisichofika hata miligramu moja. Sasa chukua ncha mbili za vipimo, 13 na 18, ukilinganisha mchicha hafifu kuliko wote na ule bora kuliko wote: tofauti yao ndani ya kikombe haifiki nusu gramu ya protini. Gramu 10 za karanga zilizotwangwa zinaongeza gramu mbili na nusu. Ninaposikia watu wakibishana kuhusu aina ya mchicha huku uji wenyewe ni wa makopa (muhogo mkavu) matupu, ambayo unga wake una protini chini ya gramu 3 kwa gramu 100, naona mjadala umepotea njia.

Na upo ufuta, ambao mikoa yetu hii inauza kwa stakabadhi ghalani msimu baada ya msimu. Gramu 7.5 za ufuta usiokobolewa zina chuma kiasi cha miligramu 1.1 na kalsiamu miligramu 73, wakati mchicha wa uzito huohuo una kalsiamu miligramu 12. Sehemu kubwa ya kalsiamu ya ufuta, ni kweli, imefungwa ndani ya ganda na oksaleti, kemikali inayozuia mwili kuifyonza, na protini yake ina upungufu wa lisini. Kwa hiyo simfukuzi mchicha jikoni. Naona anafaa kukaa pamoja na ufuta na karanga, si kuchukua nafasi yao. Tunapeleka ufuta wote mnadani, kisha tunatafuta lishe kwenye vikopo.

Lipo pia kosa la kuzihamishia mbegu sifa za majani. Vitamini A ambayo kliniki hutuhimiza tuitafute kwenye mchicha imo kwenye majani. Katika mbegu karibu haipo kabisa, na vitamini C ni miligramu 4 tu kwa gramu 100. Jambo hilo lina uzito kwa sababu chuma cha nafaka hushikwa na fitati, kemikali iliyomo ndani ya mbegu, na mwili hukipata kwa shida usipokisaidia. Kuloweka au kuotesha mbegu kabla ya kuzikausha na kuzisaga hupunguza fitati. Ndimu iliyokamuliwa kwenye uji uliopoa kidogo, au kipande cha embe baada yake, huongeza vitamini C, ambayo husaidia mwili kukifyonza chuma hicho. Chai ya rangi pamoja na uji huo hufanya kinyume, nami nakiri kwamba nyumbani kwetu mazoea hayo yalikuwepo kwa miaka mingi.

Nikirudi Ngongo nitachagua nyeupe au ya dhahabu, yoyote iliyo nafuu, na nitamuuliza muuzaji mambo mawili. La kwanza ni kama mbegu zilipurwa juu ya turubai au juu ya ardhi tupu, kwa maana mbegu yenye upana wa milimita moja ikichanganyika na mchanga wetu wa pwani, hata mpepetaji hodari hawezi kuitenganisha kwa ungo. La pili ni lini zilisagwa, ikiwa anauza unga, kwa sababu mafuta yale ya gramu 7 huchacha upesi katika joto la huku. Akishindwa kujibu, nitanunua mbegu nzima na kuzisaga mwenyewe, kidogo kidogo, za wiki moja.