Changarawe Vijiko Viwili

Ubishi ulianzia kwa mama ntilie, chai mkononi. Fundi pikipiki mmoja alidai Waingereza walituibia neno sukari, wakaliborongaboronga likawa "sugar".

Mimi niliyekesha na simu nikisoma asili za maneno, ningenyamazaje? Nikaweka kitumbua chini. Hakuna mwizi hapo, nikamwambia. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, "sucre", karne ya 13. Ulaya ililipata kwa Waarabu, "sukkar", na sisi wa pwani tukakopa duka hilohilo. Wahispania walichukua mpaka ile "al" ya Kiarabu, wakawa na "azúcar", kama mtu aliyenunua samaki akaondoka na mizani. Waarabu nao wamelitoa kwa Waajemi, "shakar", na Waajemi wamelitoa India, kwenye Kisanskriti: "sharkara".

"Sasa huko India, sharkara ilikuwa na maana gani kwanza?" Nilishasimama, najiona profesa. Lori likawa linapita, ikabidi nipaze sauti: "Changarawe! Sukari ni changarawe!"

Lori likapita, sauti yangu ikabaki. Wapagazi watatu waliokuwa wanaingia walisikia hayo tu. Hapo kitumbua kikaingia mchanga. Mmoja akachota sukari kwenye kopo, akaimwaga kiganjani, akawa anaikagua punje kwa punje. Mwenzake akashika shavu: "Ndiyo maana jana jino langu lilipasuka!"

Mama akatoka jikoni na upawa. "Nani kasema sukari yangu ina changarawe?"

Vidole vyote kwangu.

"Siyo yako, mama. Ya Wahindi wa kale."

"Kwa hiyo nawauzia watu sukari ya kale?"

Fundi, shetani yule, akachochea: "Tena kasema imepita mikono ya watu watano kabla ya kufika hapa."

Nilitaka kueleza kwamba punje za sukari ndizo zilizofananishwa na vijiwe, lakini upawa ulikuwa juu. Nikalipia chai za banda zima, shilingi elfu nne na mia tano, nikaondoka bila kumaliza yangu.

Kesho yake nikarudi kinyonge. Chai ikaja, chungu kama shubiri.

"Mama, naomba sukari."

Hakugeuka hata. "Si wanatengeneza barabara hapo nje? Kachote mwenyewe, mwanangu. Vijiko viwili vinakutosha?"