Shemeji Aliniambia Nije na Dates

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mchumba wangu, huandika ujumbe kama mtu anayelipia kila herufi. Ijumaa usiku simu ikalia: "Shem, kesho saa kumi njoo na dates. Wazee wanataka kuchagua. Angalau tatu, na zisiwe za mbali sana."

Ilikuwa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, na Eastleigh nzima ni tende juu ya tende. Wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza kwamba nimepata wakwe wanaojua kula.

Asubuhi nikapanda matatu nambari 9. Muuzaji aliposikia nataka tende aina tatu zisizotoka mbali, alinitazama kama anayenipima homa kwa macho. "Za karibu? Nenda Lodwar, kwa Waturkana." Lodwar, na saa kumi natakiwa South C! Nikachukua Ajwa ya Madina kwa heshima ya wazee, kisha ya Tunisia, zile zinazouzwa zikiwa bado kwenye vikonyo, na ya Misri. Tunisia na Misri si Afrika? Basi ni jirani. Shilingi 3,400 zikaniaga.

Nilipokutana na ami yangu getini, aliuliza kama niko tayari. Nikamwambia, "Ami, zote ziko mfukoni." Akanipiga piga begani. Laiti angefungua ule mfuko.

Sebuleni wazee saba wameketi, baba mkwe katikati, na kijana mmoja ana daftari la kuandikia.

"Haya mwanangu, umekuja nazo?"

"Nimekuja nazo, mzee. Tatu."

"Hebu tuzisikie."

Nikaona ni ufasaha tu wa watu wa pwani. "Ya kwanza ni ya Madina."

Baba mkwe akamgeukia ami yangu. "Madina? Hamkutuambia habari ya safari."

"Ya pili Tunisia," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshika kasi.

"Watu wangu wafuate nini Tunisia?" Kalamu ya kijana ikaganda hewani.

"Mzee, usijali, hiyo ni tamu sana. Ila kama mnataka ya karibu zaidi, ipo ya Misri. Bora mzionje kwanza." Nikafungua mfuko, nikazimwaga kwenye sinia.

Kimya. Kisha nyuma ya pazia la jikoni akina mama wakapasuka kwa kicheko, mmoja akaangusha sufuria. Ami yangu alijifunika uso kwa kofia yake. Nami ndipo nikaelewa: walitaka tarehe za arusi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akaokota Ajwa, akaiweka sambamba na kidole chake. "Msimcheke kijana. Hilo neno ni watu wawili wasio na udugu. Date ya tunda asili yake ni Kigiriki, daktulos, maana yake kidole. Date ya kalenda ni Kilatini. Warumi waliandika kwenye barua zao 'data', yaani imetolewa, mahali fulani, siku fulani. Wote wawili wakapitia Ufaransa, wakafika Uingereza wakiwa na jina moja." Akatafuna.

"Na ile date ya vijana wawili kwenda kunywa soda?" akauliza mwenye daftari.

"Hiyo ni mtoto wa tarehe, kazaliwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Hapa usiilete." Akaokota nyingine. "Sisi tuna tende, tuna tarehe, tuna miadi, kila mmoja na nyumba yake. Aliyemwandikia kijana Kiingereza ndiye ajibu." Pazia likatulia ghafla.

Wakati huo sinia lilikuwa limebaki kokwa. Baba mkwe alikula za Tunisia huku akilalamika kwamba ni mbali. Ami akamwonya kwamba akizidisha tende atapata matende, na yeye mwenyewe anaongeza ya nne.

Kijana akauliza aandike nini daftarini. Baba mkwe akafuta vidole. "Andika, wazee wamechagua ya Misri. Kikao Jumamosi ijayo."

Usiku simu ikalia tena. Shemeji. "Jumamosi njoo na TAREHE." Nikashusha pumzi. Halafu ukaingia wa pili: "Mama anasema zile za Madina pia usisahau, kilo mbili."