"Lebo ni Lebo Tu": Njoo Uniambie Hivyo Mwanjelwa

Nimevumilia mengi kwenye lile kundi letu la simu la wasindikaji wadogo wa vyakula. Nimevumilia maua ya "asubuhi njema", nimevumilia matangazo ya mikopo. Lakini juzi mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu lebo za chupa zake za asali, zile za kuminya, na mtu mzima na akili zake akamjibu: "Lebo ni lebo tu, tafuta ya bei rahisi." Watu kumi na moja wakaweka dole gumba. Usingizi ukaniruka.

Mwaka juzi mwenye duka mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, alinirudishia maboksi mawili ya pilipili yangu ya chupa za kuminya. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliichukua chupa, akaiminya taratibu kama anayekagua parachichi, akasema, "Mama, pilipili yako tamu na wateja wanaisifia. Ila wananiuliza kama hizi chupa zimeokotwa."

Nikaitazama vizuri. Lebo imekunjamana kama noti ya buku iliyolala kwenye soksi ya konda wa Kyela. Kona mbili zimenyanyuka na kushika vumbi. Mafuta ya pilipili yamepenya karatasi hadi maandishi ya nyuma yanasomeka mbele. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki nusu. Jamani, nilivyozunguka na mafaili kwa ajili ya mambo ya TBS, wale wa viwango, halafu ushahidi wote unabanduka kwa kidole cha mtoto!

Na mimi si mtu wa kukwepa semina. Nimekaa tatu, nikala na zile soda, nikaambiwa kila mara kwamba lebo ni sura ya bidhaa. Ndaga fijo, asanteni sana, walimu wangu. Tulijadili kijani na nyekundu nusu siku. Tulijadili kama picha ya mlima iwe juu au chini. Hakuna aliyeuliza hiyo sura inachapwa juu ya nini, nami sikuuliza.

Chupa ya kuminya umeinunua ili ibonyee, kisha irudi ilivyokuwa, mara mia mbili kabla haijaisha. Chochote ulichokibandika juu yake lazima kibonyee nayo na kirudi nayo. Karatasi haiwezi. Ikishapata kunjo, kunjo ni lake milele, na kwa chupa inayowekwa kwenye friji au kushikwa na mikono yenye maji, inanyonya unyevu, inavimba na kuachia. Kwenye chupa ya kioo karatasi ni malkia, sibishi. Kioo hakiminywi.

Basi nikarudi kwa mchapaji, kijana mmoja hapa mjini, nikamwambia nataka ya nailoni. Akanipa. "Hii haipitishi maji, mama, utanikumbuka." Nimemkumbuka kweli! Ilikuwa nailoni, ila ile ngumu ya polipropilini iliyovutwa pande zote mbili, inayokaa vizuri sana kwenye chupa ngumu. Kwangu, baada ya wiki mbili za kuminywa, ilitoa mikunjo mirefu kama mistari ya kiganja, na vipovu vya hewa chini yake. Maji hayakupita, ni kweli. Aibu ndiyo iliyopita.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nailoni si moja. Inayotakiwa ni ile laini, ya polithini, ndugu wa chupa yenyewe. Inauzwa ikiwa nene kidogo, mikroni 85 (chini kidogo ya sehemu ya kumi ya milimita) ni ya kawaida sana, lakini ukiivuta inanyumbulika. Chupa ikiingia ndani inaifuata, ikirudi inarudi nayo. Zipo pia zilizochanganywa polithini na polipropilini, ngumu kiasi cha kupita vizuri kwenye mashine na laini kiasi cha kustahimili mkono. Ukienda kwa mchapaji usiseme "nataka ya plastiki". Mpelekee chupa yako, iminye mbele yake. Akikuambia zote ni sawa, chukua chupa yako uondoke.

Na gundi? Huku kwetu gundi ina msimu. Walioandika maelekezo yake hawajawahi kuamka Uyole mwezi wa saba. Gundi nyingi za lebo hazitaki kubandikwa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 5 au 10, kutegemea aina, kwa sababu zinakuwa kama asali ya Julai: ipo, lakini haitembei. Mimi nilikuwa nabandika alfajiri, chupa zikiwa na umande, halafu namlaumu mchapaji. Siku hizi nabandika saa saba mchana, dirishani kwenye jua, kwenye chupa kavu ambayo haijajazwa bado, maana tone moja la mafuta linatosha kuharibu. Kisha naziacha hadi kesho yake bila kuziminya. Watoto wangu wanajua, chupa za meza ile haziguswi.

Kona za lebo zikatwe mviringo. Kona kali ndiyo huanza kubanduka. Ile misimbo ya mistari, inayoanza na 620 yetu ya Tanzania, ilazwe kama ngazi kwenye chupa ya mviringo, mistari ikilala juu ya mwenzake, ikae mbali na pale vidole vinapominya. Lebo ikikunjamana mashine ya dukani haisomi, na muuzaji akiandika namba kwa mkono mara tatu, mara ya nne anakuweka rafu ya chini.

Najua kuna atakayenirukia na mazingira: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, wewe unatuletea nailoni nyingine? Mpendwa, chupa yenyewe tayari ni plastiki. Lebo ya polithini juu ya chupa ya polithini inayeyushwa pamoja nayo. Karatasi ndiyo inayowasumbua wanaorejeleza, inageuka uji wa nyuzinyuzi ndani ya plastiki.

Bei nayo, haya, nakubali. Lebo moja haikuzidi ile ya karatasi kwa bei ya andazi, ila hawakuchapii lebo mia, wanataka maelfu. Sisi tuliungana wanne, oda moja Dar es Salaam, kila mtu na mchoro wake. Ilichukua miezi miwili na ugomvi mmoja.

Na kuna jambo jingine ambalo sipendi kulisema. Mwezi uliopita nilisimama pale Kabwe kwa kijana wa chipsi. Mezani kwake kuna chupa yangu! Lebo inang'aa, haina kunjo hata moja, mlima wangu umesimama wima. Moyo ukajaa. Nikaiminya kwenye sahani, ikatoka tomato, tena ile ya kuongezwa maji.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hii si chupa ya pilipili?"

"Ndiyo, mama. Hizi ndizo nazitafuta. Naosha, najaza, miezi mitano sasa na lebo haitoki."