Betri za akiba kwenye vinu vya nyuklia: kipi kibaki ndani ya leseni?

Kila kituo cha nyuklia nchini Marekani kinapoomba kuondoa baadhi ya masharti ya matunzo ya betri kwenye leseni yake, ili yakae kwenye mpango wa matunzo unaosimamiwa na kituo chenyewe, lawama haichelewi: wanalegeza usalama. Hofu hiyo naielewa inakotoka. Lakini nikiyasoma masharti yenyewe, moja baada ya jingine, naona wahandisi wanaoomba mabadiliko wanahukumiwa kwa kosa ambalo hawajalitenda.

Hofu imetoka Fukushima Daiichi, kituo cha nyuklia nchini Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lilikata umeme wa gridi, tsunami ikazamisha jenereta za dizeli, na vinu namba 1 na 2 vikapoteza hata betri kwa sababu vyumba vyake vilijaa maji. Betri za kinu namba 3 zilikuwa juu kidogo, zikanusurika. Waendeshaji walizima kila taa na kila kipimo ambacho wangeweza kukikosa, na betri zilizokusudiwa kwa saa chache zikawavusha hadi usiku wa kuamkia tarehe 13. Saa 8:42 usiku huo waliizima wenyewe pampu iliyokuwa ikisukuma maji kinuni, wakitarajia kufungua vali za kushusha shinikizo ili maji yaingizwe kwa pampu ndogo. Vali hazikufunguka. Betri zilikuwa zimeishiwa. Wakajaribu kuirudisha ile pampu kubwa, nayo haikuwaka. Kulipokucha watu walikuwa wakikusanya betri za magari ya wafanyakazi, kumi za volti 12, waziunge pamoja zifike volti 120 ili wapate nguvu ya kufungulia vali.

Anayekijua kisa hicho hawezi kusikia masharti ya betri yanapunguzwa akanyamaza. Swali langu ni masharti yapi hasa.

Ingia kwenye chumba cha betri. Utakuta seli 60 za risasi na asidi kwenye safu ndefu, kila moja na volti 2 na kidogo, zote kwa pamoja zikitoa umeme wa mfumo wa volti 125. Vyombo vyake huwa vya plastiki inayopitisha macho, hivyo mabamba yanaonekana, na tope la risasi linaonekana limetulia chini. Fundi mwenye ngao ya uso na glavu za mpira anavuta asidi kidogo kwa haidromita, anasubiri kielea kitulie, anasoma uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, anasahihisha kwa jotoridi, anaandika. Seli kamili ya aina hii husoma 1.215 hivi. Kwenye masharti ya zamani namba hiyo ilikuwa na kikomo ndani ya leseni. Betri ikiangukia nje ya vikomo na kutangazwa kuwa haifai, leseni nyingi zilitoa saa 2 tu za kurekebisha, baada ya hapo kinu kianze kuzimwa.

Tatizo ni kwamba haidromita inaweza kusema uongo huku fundi kafanya kila kitu sawasawa. Betri inapochajiwa baada ya jaribio, asidi nzito inayotoka kwenye mabamba huzama chini, na sehemu ya juu, ambako mpira wa haidromita hufika, hubaki nyepesi. Kuchanganyika tena kwaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki. Ukiongeza maji, hali ni ileile. Betri imejaa, ina nguvu zote, lakini karatasi inasema ni mbovu, na timu nzima inakimbizana na saa mbili. Tena kuzima kinu kwa haraka si jambo jepesi. Ni wakati ambapo vali, pampu na swichi nyingi hubadilishwa hali kwa mpigo, na nyingi zinategemea umeme wa betri hizohizo.

Kinachopendekezwa badala yake ni kupima mkondo unaoingia kwenye betri ikiwa kwenye chaji ya kudumu, yaani ile ndogo inayoiweka ikiwa imejaa muda wote. Betri iliyojaa hunywa mkondo mdogo sana. Ikizidi kikomo, ambacho kwa kawaida ni ampea 2, ujue bado inadai chaji, na hilo linaihusu betri nzima kwa namba moja, si seli moja iliyochovywa juu juu. Kipimo hicho kinabaki ndani ya leseni na huangaliwa kila siku 7. Volti za seli zinabaki pia: ikishuka chini ya 2.07, saa zinaanza kuhesabiwa. Kinachohamia kwenye mpango wa kituo ni vipimo vya fundi, ukiwemo uzito wa asidi, vinavyomwonyesha mapema kwamba seli fulani inaanza kuchoka. Vipimo hivyo havifutwi. Vinaenda kwa mtu anayejua kuvitafsiri.

Mtu atasema bora kuzidisha tahadhari kuliko kupunguza. Kwa kawaida ningekubali, lakini macho ya watu yana kikomo. Tarehe 25 Julai 2006, kwenye kinu namba 1 cha Forsmark nchini Uswidi, hitilafu ya umeme nje ya jengo ilipandisha volti ghafla, na mifumo miwili kati ya minne ya umeme wa dharura ikajizima. Jenereta mbili za dizeli zikashindwa kuunganishwa zenyewe, chumba cha udhibiti kikapoteza sehemu ya vipimo vyake, na dakika 22 hivi zikapita kabla ya waendeshaji kuzirudisha kwa mkono. Kilichoangusha mifumo ile hakikuwa betri. Ni vifaa vya kuchaji na kugeuza umeme vilivyojizima, na hata ungeipima asidi kila asubuhi usingeliona hilo.

Sasa niseme kuhusu namba ambayo mimi singeiruhusu isogezwe hata kidogo: asilimia 80. Kwa mujibu wa IEEE 450, kiwango cha matunzo ya betri kilichowekwa na taasisi ya wahandisi wa umeme IEEE, betri ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa na mtengenezaji, ibadilishwe. Wengi husikia asilimia 80 wakafikiri ni betri ambayo bado ni nzima kwa sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo inatupwa mapema. Hesabu yenyewe inasema vingine. Betri hizi hununuliwa zikiwa kubwa kuliko mahitaji kwa robo, yaani mara 1.25. Zidisha 1.25 kwa 0.8, unapata 1 kamili. Siku betri inapofika 80, ile ziada yote iliyonunuliwa kwa ajili ya uzee imeliwa. Inatosha kazi yake ya dharura kwa mstari, bila hata dakika ya kuazima. Halafu betri za risasi hazizeeki kwa mwendo mmoja. Hukaa miaka mingi karibu na 100, kisha zikianza kushuka, hushuka kwa kasi. Kwa hiyo 80 ni ukingo wa mteremko.

Na hakuna haidromita wala voltimita inayoweza kukuonyesha 80. Betri inaweza kuwa imejaa, asidi yake safi, volti zake sawa, huku mabamba yameliwa ndani na uwezo umebaki 60. Njia ni moja: uitoe chaji kweli. Unaiunganisha na mzigo bandia, mashine inanguruma na kutoa joto, watu wanazunguka na daftari seli baada ya seli, mpaka betri nzima ifike volti 105, yaani 1.75 kwa kila seli, kisha unapima muda uliodumu. Kwa kawaida hufanywa kila miaka 5. Betri ikionyesha dalili za kuchakaa, au ikishafika asilimia 85 ya umri wake, zamu hiyo hukaribia, mara nyingi ikawa kila mwaka. Ni kazi ya kuchosha, huila betri kidogo kila mara, na kuirudishia chaji huchukua muda mrefu. Bado hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Wapinzani wana hoja moja nzito, na siipuuzi. Sharti likiwa ndani ya leseni, kulibadilisha kunahitaji idhini ya Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, na tangazo ambalo mwananchi anaweza kulisoma na kulipinga. Likiwa kwenye mpango wa kituo, mabadiliko mengi hupitishwa ndani kwa ndani, mkaguzi akija kuyaona baadaye. Na kisicho sheria ndicho kinachoahirishwa bajeti ikibana. Hapo wana haki. Dawa, naona, ni vituo kuweka wazi matokeo ya kila jaribio la kutoa chaji, asilimia kwa asilimia, kwa kila betri, ili jirani wa kituo ajue kama betri zinazomlinda zipo kwenye 98 au 83. Kurudisha uzito wa asidi ndani ya leseni hakutamwambia hilo.

Ila siku kituo chochote kikija kuomba miaka 5 iwe 10, au 80 iwe 75, mimi nitasimama na wapinzani.